Mwalimu Felicitas na Shimo la Ndizi

Mwalimu Felicitas Kokuberwa alikuwa na kasoro moja ambayo wakubwa wake wa kazi hawakuisamehe upesi: akiulizwa jambo asilolijua, alisema hajui. Kwingine labda hilo ni dogo. Kwetu Buhaya, ambako mtu akimaliza darasa la nane anatembea barabarani kana kwamba barabara ilichongwa kwa ajili yake, na ambako Watanzania wenzetu wametupachika jina la nshomile, yaani "nimesoma", si dogo hata kidogo. Mtu aliyesoma, tena mwalimu, tena mbele ya wazazi, anawezaje kusema hajui? Alisomea nini basi?

Alizaliwa Nshambya, enzi ambazo ukipanda kutoka mjini Bukoba ulipita katikati ya migomba mitupu mpaka kwao. Baba yake, Karugendo, alikuwa mkulima wa kahawa na mwimbaji wa kwaya ya kanisani, na kazi zote mbili alizifanya kwa sauti kubwa. Felicitas alikuwa mtoto wa kuuliza. Siku moja darasani aliuliza kwa nini ndizi mbichi inatoa utomvu na mbivu haitoi. Mwalimu wake akamchapa kiganjani, wala si kwa hasira, ni kwa desturi tu, akamwambia anyamaze anakili ubaoni. Akanakili. Alinakili vizuri hata akachaguliwa kwenda chuo cha ualimu, na alipotoka huko, miaka michache baada ya Uhuru, alikuwa hodari wa kuwanakilisha wengine. Watoto waliimba kwa pamoja kwamba mmea una mizizi, shina na majani, kisha wakaenda nyumbani kwao wakipita katikati ya mimea bila kuitazama. Yeye hakuona ubaya wowote.

Kilichomgeuza ni beseni la maji.

Azimio la Arusha lilikuwa limekwisha kutangazwa, shule zimeambiwa zifundishe kujitegemea, na Felicitas alikuwa amehamishiwa shule moja ya kijijini upande wa Muleba kufundisha darasa la kwanza. Akaitwa mjini Bukoba kwenye semina ya sayansi ya watoto wadogo. Walimu walikuja na kalamu zilizochongwa vizuri, tayari kuandika. Mkufunzi, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya chini, aliweka mezani beseni la maji, na pembeni yake jiwe, msumari, kibuyu kitupu, punje za kahawa na kipande cha mgomba. Aliwaambia watazame kipi kinazama na kipi kinaelea. Kisha akakaa kimya. Walimu wakasubiri maelezo. Maelezo hayakuja.

"Samahani, mama," hatimaye Felicitas aliuliza, "jibu sahihi ni lipi, ili tuliandike?"

"Usiniulize mimi," mkufunzi alisema. "Yaulize maji. Yako hapo mbele yako."

Wengine waliguna, wakanong'onezana kwamba Serikali imewatoa mbali kote kule kuja kuchezea maji. Felicitas alikunja mikono ya gauni lake. Alipokuwa amelowa hadi kwenye viwiko ndipo lile swali lake la utomvu lilipomrudia, swali alilokuwa amelisahau kwa miaka mingi, na machozi yakamlenga. Hakujua kama analia kwa uchungu wa kuchapwa au kwa furaha ya kufunguliwa. Baadaye alisema ilikuwa furaha, na mimi namwamini, kwa sababu tangu siku hiyo alianza tabia ya kushukuru ambayo haikumtoka mpaka uzeeni.

Alirudi kijijini na beseni lake mwenyewe, jipya, la bati. Mwalimu Mkuu Lwakatare alilitazama kama mtu anayetazama mbuzi aliyeingia kanisani. Lwakatare hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa ubao. Alikuwa amesomeshwa na wamisionari waliopima akili ya mtoto kwa unyoofu wa mstari wake, na alitoka salama, kwa hiyo hakuona sababu ya wengine kupita njia nyingine.

"Jaribu, Mwalimu," alisema. "Lakini siku mzazi atakapokuja hapa kulalamika, unarudi kwenye ubao, na beseni lako tutaoshea vyombo."

"Nimesikia, Mwalimu Mkuu."

Katika darasa lile alikuwamo mtoto wa kike aliyeitwa Kokwijuka. Aliishi na babu na bibi yake, Ta Rugaibula na Ma Anatolia, ambao kibanja chao, yaani shamba lao la migomba, kilipakana na njia ya kwenda shuleni. Tangu shule ifunguliwe Januari, mtoto huyu hakuwa ametamka neno hata moja darasani. Hakuwa bubu, bibi yake alisema nyumbani anaongea na mbuzi mpaka mbuzi wanachoka. Lakini akiitwa jina lake darasani alisimama, akatazama vidole vyake vya miguu, akakaa. Walimu wengine walikwisha kumwita mzito, na jina kama hilo likikushika ukiwa mdogo linakuwa gumu kukubanduka.

Siku beseni lilipoletwa darasani, Kokwijuka alipewa kipande cha mgomba. Akakisukuma chini ya maji. Kikapanda. Akakisukuma tena kwa mikono miwili, akakishikilia mpaka chini kabisa, akakiachia, nacho kikaruka juu kikamlowesha uso.

"Kinakataa," alisema Kokwijuka.

Darasa zima lilicheka. Felicitas hakucheka. Alipiga magoti mbele ya beseni, akauliza polepole, kama mtu anayeogopa kumshtua ndege: "Kinakataa nini, mwanangu?"

"Kinakataa kukaa chini. Jiwe limekubali."

Basi. Ilikuwa kama umefungua bomba. Kuanzia hapo Kokwijuka aliuliza kwa nini kahawa kavu inaelea na mbichi inazama, kwa nini siafu hawapiti kwenye majivu, kwa nini chini ya nyasi za kibanjani kuna unyevu na njiani kumekauka. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wanasema, na mshindo wa huyu mtoto ulimfaa Felicitas kuliko mshahara. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba alipokuwa akiwaza lile onyo la Lwakatare alikuwa akiogopa kupoteza beseni. Alikuwa akiogopa kwamba siku atakaporudi ubaoni, mdomo ule utafungika tena, na safari hii hautafunguka.

Nalo swali lililoleta balaa liliulizwa na huyo huyo Kokwijuka.

"Babu anafukia ndizi mbichi zinatoka mbivu," alisema asubuhi moja. "Nani anaziivisha huko chini?"

Hapa lazima nieleze, kwa wale wasiokulia kwenye migomba. Kwetu pombe ya heshima ni ya ndizi, olubisi, na olubisi inaanzia shimoni. Mzee anachimba shimo kibanjani, analipasha joto kwa kuchoma majani makavu ndani yake, analitandika majani mabichi ya mgomba, anapanga ndizi za pombe zikiwa bado za kijani, anazifunika majani, anafukia udongo. Kisha anasubiri. Shimo halifunuliwi kabla ya wakati wake, na mwanamke haliruki. Miiko hiyo ikivunjwa, wazee wanasema, ndizi zinagoma. Wakati ukitimia zinatoka zimeiva, zinakamuliwa kwa nyasi ndani ya mtumbwi wa mti, zinatiwa unga wa mtama uliokaangwa, na kesho yake wanaume wanaanza kuimba. Ta Rugaibula ndiye aliyekuwa fundi wa kazi hiyo kijijini. Wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu alisifiwa tangu enzi za Mwingereza na hakutia hata tone.

Watoto walimjibu Kokwijuka kwa makelele. Mmoja alisema zinaivishwa na moto, mwingine giza, mwingine udongo. Mmoja alisema zinaivishwa na babu mwenyewe, kwa dawa.

"Mwalimu, ni nini?"

"Sijui," alisema Felicitas. "Tujaribu."

Wakajaribu. Ndizi moja mbichi waliiweka juani, nyingine kwenye ndoo ya maji, nyingine kwenye majivu. Mbili walizitia kwenye vyungu viwili vyenye vifuniko: katika chungu kimoja ndizi mbichi ilikuwa peke yake, katika kingine waliiwekea mwenzake iliyokwisha kuiva, kwa sababu mtoto mmoja alisema giza linatisha na hata ndizi inahitaji rafiki. Felicitas hakuona ubaya wa kuipa ndizi rafiki. Kila asubuhi watoto walifunua, wakatazama, wakaminya kidogo, wakanusa, wakafunika. "Msikubali kuambiwa tu," aliwahimiza. "Nendeni mkaone wenyewe."

Hakuongeza kwamba yapo mambo yanayoharibika kwa kutazamwa. Hakufikiri kama kuna haja.

Basi wiki ile ile Ta Rugaibula alikuwa amefukia shimo kubwa kuliko yote ya mwaka ule. Kijana wake wa mwisho, Aristides, alikuwa anaposa huko Kamachumu, na Jumamosi ukoo wote ulipaswa kwenda ukweni na vibuyu vya olubisi vichwani. Kwenda ukweni bila pombe ni sawa na kwenda bila bwana harusi. Na kila jioni, shule ikitoka, Kokwijuka na wenzake wawili walipita kibanjani, wakaondoa udongo, wakafunua majani, wakatazama ndizi za babu zimefikia wapi, wakaminya kidogo, wakanusa, kisha wakafunika kwa adabu kabisa kama walivyofundishwa. Joto la shimo likatoka kidogo kidogo. Jioni moja waliwahi kufunua mvua ikinyesha.

Siku ya kufukua ilipofika, Jumatatu, mzee alikuta shimo limepoa. Ndizi zilikuwa za kijani na ngumu kama zilivyoingia, isipokuwa chache katikati. Kwanza alimgeukia mkewe, Ma Anatolia, akamuuliza kama ameliruka shimo. Ma Anatolia alimjibu kwamba kwa magoti aliyo nayo hawezi kuruka hata kizingiti. Ndipo mzee alipoinama akaona nyayo ndogo ndogo, zimezunguka shimo lote.

Alifika shuleni kabla ya kengele ya mapumziko, chane ya ndizi za kijani kwapani. Hakupiga hodi. Alimwekea Lwakatare ile chane juu ya meza na kusema, "Shule yako imeninyima mkwe."

Habari kijijini hazihitaji miguu. Muda si muda, uwanja wa shule ulijaa wazazi, wengine na majembe yao, na Lwakatare akaamuru darasa la kwanza litoke nje. Watoto wakapangwa mstari. Felicitas alisimama upande wao, mikono yake imeshikana, akijua wazi siku aliyoonywa imefika.

"Wanachezea maji, tumenyamaza," alisema baba mmoja. "Wameleta majivu shuleni, tumenyamaza. Sasa wanafukua mashimo ya wazee. Kesho watafukua makaburi!"

"Nani aliyefunua shimo la Ta Rugaibula?" aliuliza Lwakatare.

Kokwijuka akapiga hatua mbele. Felicitas alimwona akianza kutazama vidole vyake vya miguu.

"Wewe?" babu alisema. Alikuwa hajatazamia. "Ulikuwa unatafuta nini shimoni mwangu?"

Mtoto alichora mchangani kwa kidole gumba cha mguu.

"Nakuuliza! Ulikwenda kuona nini? Haya, uliona nini?"

Lilikuwa swali la ugomvi, kama tunavyowauliza watoto tukiwa tumeshika fimbo, bila kutaka jibu. Lakini huyu mtoto alikuwa amefundishwa kwamba swali ni swali. Akainua uso. Akajibu kwa Kihaya, maana Kiswahili chake kilikuwa bado cha kuhesabu na kuimba, na nakitafsiri alichosema:

"Niliona za juu zimekataa, babu. Za pembeni pia. Lakini katikati palikuwa na moja imeiva, labda uliiingiza ikiwa imeanza kuiva, na zilizoigusa zilikuwa zimeanza njano. Zilizo mbali nayo zilikuwa za kijani. Siku ya kwanza ilikuwa hivyo, na ya pili pia, ila siku ya mwisho njano ilikuwa imesogea. Na chungu chetu ni hivyo hivyo. Iliyowekewa mwenzake imeiva. Iliyo peke yake bado."

Baadhi ya wazazi hawakuwahi kuisikia sauti ya yule mtoto. Ma Anatolia, aliyekuwa amemfuata mumewe kwa mwendo wake wa magoti mabovu, alijifunika mdomo kwa kanga.

Ta Rugaibula alimtazama mjukuu wake, kisha akamgeukia Felicitas.

"Ma Felicitas, wewe ndiye mwalimu wao. Anachosema mtoto ni kweli? Mbivu inaivisha mbichi?"

Hapo ndipo palipokuwa na uzito. Angeweza kusema ndiyo, akajiokoa kwa siku mbili tatu. Angeweza kuomba radhi na kukubali ubao. Lwakatare alikuwa akimtazama, na macho yake yalimwambia: sema chochote, lakini sema kama mwalimu.

"Sijui, waitu, mzee wangu," alisema Felicitas. "Chunguni tumeona hivyo. Shimoni sijajaribu. Kosa la kutowaambia wasifunue ni langu."

Mtu mmoja nyuma alicheka. "Mwalimu hajui! Mnasikia? Serikali inamlipa, na hajui!"

Lwakatare alikohoa. Lakini Ta Rugaibula hakucheka. Alikuwa fundi, na fundi anajua kwamba anayesema hajui mahali asipojua huenda ana ukweli mahali anapojua.

"Jumamosi naenda ukweni," mzee alisema, kama anayeongea peke yake. "Nikikaa kuwachapa hawa, ndizi hazitaiva kwa bakora." Akawageukia wazazi. "Leteni ndizi mbivu. Yeyote aliye nazo. Na hao waliofukua waje wafukie."

"Mwalimu Felicitas," alisema Lwakatare kwa sauti ya chini, wakati watu wanatawanyika, "shimo hilo likigoma, beseni linakwenda jikoni. Hatutaongea zaidi."

"Haki kabisa, Mwalimu Mkuu."

Kazi ya mchana ule Felicitas aliikumbuka maisha yake yote, na kila alipoisimulia alitaja majina ya watu waliomsaidia, kama mtu anayesoma litania. Verdiana, jirani wa Kilutheri, alitoa ndizi mbivu alizokuwa amewawekea wageni wake. Yule baba wa makaburi, msiniulize kwa nini, alileta chane mbili nzuri kuliko zote, akaziweka chini bila kumtazama mtu usoni. Watoto walizibeba vichwani. Mzee alilipasha shimo moto upya, akatandika majani mapya, na safari hii kila tabaka la ndizi za kijani aliliwekea ndizi mbivu katikati na pembeni, Kokwijuka akimwelekeza kwa kidole mahali palipobaki wazi. Felicitas aliruhusiwa kukaa karibu, mbali kidogo na mdomo wa shimo kwa sababu ya mwiko, akipokezana majani na watoto. Mzee alipomaliza kufukia, aliwatazama wale wahalifu watatu.

"Sasa kutazama ni mpaka nitakapowaita. Mmesikia? Hata macho yakiwawasha."

Watoto waliitika. Na kusubiri huko, naamini, ndiko kulikokuwa somo gumu kuliko yote. Kila asubuhi Felicitas aliingia darasani akawakuta wote wanamtazama yeye, na kila asubuhi alijibu kwamba hajui, bado, tusubiri. Hakulala vizuri. Kanisani Jumatano aliomba Mungu aziivishe ndizi, kisha akaona haya, kwa kuwa hilo lilikuwa kama kuchungulia.

Alhamisi asubuhi waliitwa. Lwakatare naye alifika, suti yake ya kaunda imenyooshwa vizuri, kama aliyekwenda msibani. Mzee aliondoa udongo kwa mikono, polepole. Alipofikia majani, kabla hayajafunuliwa, harufu ilipanda: ile harufu nzito, tamu, ambayo kila mtoto wa Kihaya anaijua kabla ya kujua jina lake.

"Zimekubali!" Kokwijuka alipiga kelele.

Hazikukubali zote. Sitaki kuwadanganya. Katikati zilikuwa njano tupu, zimelainika. Kwenye kona, ambako ndizi mbivu zilipungua, chane nzima nzima zilibaki kijani na kiburi chake. Ta Rugaibula alizitenganisha, mbivu upande huu, mbichi upande ule. Mwisho alisimama, akajishika kiuno.

"Nusu na zaidi," alisema. "Tutakwenda na vibuyu vichache. Lakini tutakwenda."

Ma Anatolia alipiga vigelegele. Felicitas alikaa chini hapo hapo kwenye nyasi za kibanja, kwa gauni lake la kazi, akalia bila aibu. Lwakatare alichukua ndizi moja mbivu, akaimenya, akaila yote taratibu. Kisha akajifuta vidole kwa leso.

"Mwalimu," alisema, "hicho chungu chenu chenye ndizi mbili bado kipo?"

"Kipo, Mwalimu Mkuu."

"Nitapita nikione."

Beseni halikwenda jikoni. Jumamosi ukoo ulikwenda Kamachumu na vibuyu vichache, na nasikia huko ukweni Ta Rugaibula alieleza sababu kwa urefu hata wenyeji wakasahau kuhesabu. Alisema ana mjukuu aliyesoma. Hakusema wa darasa la ngapi. Nshomile ni nshomile.

Felicitas alifundisha watoto wadogo mpaka alipostaafu. Hakuwa mwalimu mkuu, hakupata nishani, na jina lake halipo kwenye jengo lolote. Alirudi Nshambya kwenye kibanja cha baba yake, na huko watu walimzoea kwa tabia yake ya kushukuru: alimshukuru mkufunzi mfupi ambaye hakumwona tena, alimshukuru Lwakatare kwa kuja kukiona chungu, alimshukuru Verdiana kwa ndizi za wageni. Kokwijuka alikuwa mwalimu pia, na alipomtembelea waliongea mpaka chai ikapoa. Lakini Felicitas akiulizwa ni nani anayemshukuru kuliko wote, alisimulia jambo lililotokea miezi michache baada ya ile posa, wakati mzee alipokuwa akiandaa pombe ya harusi yenyewe.

Mtu alitumwa shuleni kusema Ta Rugaibula anaita darasa la kwanza. Felicitas alikwenda nao roho mkononi, akijiuliza safari hii wamefunua nini. Walimkuta mzee kibanjani, jembe begani, jasho linamtoka. Mbele yake palikuwa na shimo kubwa, tayari limefukiwa na kushindiliwa. Pembeni mwake alikuwa amechimba jingine, dogo, la ukubwa wa beseni, limefunikwa majani tu bila udongo.

"Hili kubwa ni la wakwe," aliwaambia watoto. "Atakayeligusa nitamfukia humo. Hili dogo ni la shule. Nimezipanga sawasawa na za huko. Mtakuja kila siku mnafunua, mnatazama, mnaniambia."

Watoto waliinama kulizunguka shimo lao. Kokwijuka peke yake alibaki amesimama, akimtazama babu yake.

"Babu, kwani wewe hujui zinavyoiva?"

Mzee alimtupia Felicitas jicho, kisha akaangalia kandokando, kama mtu anayehakikisha kwamba hakuna mwanamume mwenzake anayesikia.

"Sijui," alisema. "Ndiyo maana nimelichimba."